Namna ya Kusanifu Kitufe cha Hifadhi Katika Kidirisha cha Mipangilio Chenye Vichupo Vingi

Mtumiaji aliyebadilisha kitu katika kichupo kimoja kisha akahamia kingine hubaki na swali moja: je, nilichobadilisha kule bado kipo? Akilazimika kurudi kukagua, kidirisha hicho hakijamhudumia, hata kama kanuni za ndani hazina kasoro. Wasanidi wengi hushughulikia kitufe cha Hifadhi mwisho kabisa, vichupo vyote vikiwa vimekwisha kujengwa, na matokeo yake ni kwamba kila kichupo kinakuwa na desturi yake: hiki kinahifadhi chenyewe, kile kinasubiri kitufe, na kingine kinapoteza kila kitu ukikipa kisogo. Mwongozo huu unafuata msimamo mmoja, kwamba vichupo ni njia ya kupanga kinachoonekana na si mipaka ya kuhifadhi. Kitufe cha Hifadhi kihusu kidirisha kizima, au kisiwepo kabisa.

Amua kwanza badiliko linaanza kutumika lini

Kuna mifumo miwili. Katika ule wa kwanza, badiliko hutumika papo hapo mtumiaji anapoligusa, na hakuna cha kuhifadhi. Katika ule wa pili, mabadiliko hukusanywa na kusubiri mtumiaji ayathibitishe. Mifumo yote miwili ina historia ndefu. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, ilieneza kidirisha chenye vichupo juu na vitufe vitatu chini: Sawa, Ghairi na Tumia. GNOME 2.0, mazingira ya eneokazi ya Linux ya mwaka 2002, ilichukua njia ya papo hapo, na macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, nayo imezoeza watumiaji wake madirisha ya mipangilio ambayo kwa kawaida hayana kitufe cha kuhifadhi. Hakuna ulio bora kuliko mwingine kila mahali. Kinachoamua ni aina ya mipangilio uliyonayo.

Tumia mfumo wa papo hapo ikiwa athari ya badiliko inaonekana mara moja, inarudishika kwa kugusa tena palepale, na haitegemei mpangilio mwingine. Ukubwa wa maandishi, mandhari meusi au meupe, na sauti ya arifa ni mifano inayofaa. Tumia mfumo wa kuthibitisha ikiwa mipangilio inategemeana. Anwani ya seva, namba ya poti na aina ya usimbaji fiche hazina maana moja moja. Ukianza kutumia anwani mpya wakati poti ni ya zamani, programu itajaribu kuunganisha mahali pasipofaa na kumwonyesha mtumiaji hitilafu ambayo hakuisababisha. Vivyo hivyo kwa mipangilio inayogusa usalama, malipo, au watu wengine wanaotumia mfumo huohuo.

Ukishachagua, usichanganye mifumo hiyo ndani ya kidirisha kimoja. Mtumiaji akiona kitufe cha Hifadhi chini ya dirisha, ataamini, na ana haki ya kuamini, kwamba hakuna kilichobadilika mpaka akibofye. Ikiwa kuna kitu kimoja kisichoweza kufuata utaratibu wa wenzake, kwa mfano kubadilisha nenosiri au kufuta akaunti, kitoe kwenye kichupo ukiweke katika kidirisha chake kidogo chenye kitufe kinachotaja tendo lenyewe, kama vile “Badilisha nenosiri”. Aina ya kidhibiti nayo husema kitu. Swichi humwambia mtumiaji kwamba jambo limewashwa sasa hivi, ilhali kisanduku cha kuteua hueleweka kama jibu kwenye fomu litakalosubiri. Ukiweka swichi kwenye kidirisha cha kuthibitisha, tayari umesema mambo mawili yanayopingana.

Mahali pa kitufe ndipo panapoonyesha kinachohifadhiwa

Weka Hifadhi na Ghairi katika ukanda wa chini wa kidirisha, nje kabisa ya eneo linalobadilika mtumiaji anapohama kichupo. Ukanda huo usisogee, usibadilike urefu kulingana na kichupo, na usififie maudhui yanapoviringishwa. Kitufe kilichokaa ndani ya mipaka ya kichupo kinasema “nahifadhi hiki kilicho mbele yako tu”. Kilichokaa nje kinasema “nahifadhi vyote”. Mtumiaji hufuata maana hiyo bila kuambiwa.

Chukua programu ya barua pepe yenye vichupo vinne: Akaunti, Arifa, Mwonekano na Usalama. Mtumiaji anazima arifa za usiku katika Arifa, anahamia Usalama, anabadilisha muda wa kujifunga, kisha anabofya Hifadhi kilichoko chini. Ikiwa kitufe hicho kinachukua tu sehemu zilizoko kwenye kichupo kinachoonekana, badiliko la Arifa limepotea kimyakimya, na mtumiaji atalijua usiku simu itakapolia. Huu ndio muundo mbaya kuliko yote ninayoijua katika eneo hili, kwa sababu mtumiaji alifanya kila kitu sawasawa, akapewa ujumbe wa “Imehifadhiwa”, na bado kazi yake ikatupwa.

Kuhifadhi kichupo kimoja kimoja kunakubalika katika hali moja: pale ambapo kinachoitwa kichupo kwa hakika ni ukurasa unaojitegemea, wenye anwani yake kwenye kivinjari na fomu yake. Hapo weka kitufe ndani ya ukurasa, kitaje kinachohifadhiwa (“Hifadhi mipangilio ya arifa”), na umlinde mtumiaji anapoondoka akiwa na mabadiliko. Hata hivyo, ni vema katika hali hiyo usiviite vichupo wala kuvichora kama vichupo. Orodha ya pembeni inaeleweka zaidi.

Kuhama kichupo kusifanye lolote

Kubofya kichupo kuna kazi moja, kuonyesha maudhui mengine. Kusihifadhi, kusifute, kusiulize swali na kusikatae. Kishawishi kikubwa ni kukagua usahihi wa sehemu mtumiaji anapotoka kwenye kichupo na kumzuia mpaka arekebishe. Mfumo wa Windows wenyewe huruhusu hili: ukurasa unaoachwa hupokea taarifa ya PSN_KILLACTIVE na unaweza kukataa kuachwa. Ushauri wangu ni kutolitumia kama kizuizi. Onyesha kosa kando ya sehemu husika, lakini mwache mtu aende, kwa sababu mara nyingi taarifa anayoihitaji ili kurekebisha kosa hilo iko kwenye kichupo kingine.

Kuna sababu nyingine ambayo wabunifu wanaotumia kipanya peke yake huisahau. Katika muundo wa vichupo unaopendekezwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kwa ajili ya ufikivu, mtumiaji wa kibodi husogea kati ya vichupo kwa vitufe vya mishale, na mara nyingi kichupo hufunguka mara tu kinapofikiwa. Kutoka cha kwanza kwenda cha nne anapitia cha pili na cha tatu. Kama kila kuhama kunaleta swali la “Je, ungependa kuhifadhi?”, mtu huyo atakutana na maswali kabla hajafika alikokusudia.

Tumia rasimu moja kwa kidirisha kizima

Ahadi ya kitufe kimoja haitekelezeki kama data imetawanyika katika vichupo. Kidirisha kinapofunguliwa, soma mipangilio iliyohifadhiwa na utengeneze nakala zake mbili. Nakala ya kwanza ibaki bila kuguswa. Ya pili ndiyo rasimu, nayo ndiyo pekee inayosomwa na kuandikwa na vichupo vyote. Kichupo kinaweza kuondolewa kabisa kwenye skrini kinapofichwa bila madhara yoyote, kwa sababu hakikuwa na mali yake. Maktaba nyingi za kujenga kurasa huondoa kichupo kilichofichwa pamoja na hali yake yote ya ndani, na hapo ndipo yanapozaliwa malalamiko ya “nilirudi nikakuta nilichoandika hakipo”.

Ili kujua kama kuna mabadiliko, linganisha rasimu na nakala ya kwanza. Usitumie alama inayowashwa mtumiaji anapogusa kitu na isizimike tena. Mtu akiwasha chaguo kisha akalizima, hajabadilisha chochote, na kumuuliza kama anataka kuhifadhi ni kumtia wasiwasi bure. Ulinganisho uwe makini: nafasi tupu mwishoni mwa jina, namba 10 iliyohifadhiwa kama maandishi upande mmoja na kama namba upande mwingine, au orodha ambayo mpangilio wake hauna maana, vyote hivi vitaonekana kama mabadiliko usipovisawazisha kabla ya kulinganisha. Ukihifadhi, tuma tu thamani zilizotofautiana. Kwa njia hiyo hutalifuta badiliko ambalo mtu mwingine, au kifaa kingine cha mtumiaji huyohuyo, kimelifanya kwenye mpangilio ambao wewe hukuugusa.

Kwa wanaoandika programu za Windows kwa njia ya zamani, kuna jambo moja la kukumbuka. Kurasa za kidirisha huundwa zinapofunguliwa kwa mara ya kwanza, na ukurasa ambao mtumiaji hakuufungua haupokei taarifa ya PSN_APPLY, ile inayoziambia kurasa zihifadhi. Usitegemee ukurasa huo uandike thamani zake za chaguomsingi wakati wa kuhifadhi; kazi hiyo ni ya rasimu.

Hifadhi, Ghairi na Tumia

Kwa vidirisha vingi vitufe viwili vinatosha. Hifadhi huandika rasimu na kufunga; Ghairi hutupa rasimu na kufunga. Kitufe cha Esc na alama ya X kwenye kona vifanye kazi ya Ghairi, na Enter ifanye kazi ya Hifadhi, isipokuwa kielekezi kikiwa ndani ya sehemu ya maandishi ya mistari mingi. Andika “Hifadhi” badala ya “Sawa”, kwa kuwa “Sawa” ni jibu na hapa hakuna aliyeuliza.

Ongeza Tumia pale tu mtumiaji anapohitaji kuona matokeo huku kidirisha kikiwa wazi, kwa mfano anapojaribu rangi na ukubwa wa herufi nyuma ya dirisha. Tumia huandika vichupo vyote, si kinachoonekana tu, kisha rasimu iliyohifadhiwa inakuwa msingi mpya wa kulinganisha. Kiwe kimefifia wakati hakuna badiliko. Katika Windows ukurasa hukiamsha kwa ujumbe wa PSM_CHANGED. Ugumu wa Tumia ni kwamba unabadilisha maana ya Ghairi. Baada ya kubofya Tumia, Ghairi haiwezi tena kurudisha hali ya mwanzo, bali inatupa tu yaliyofanyika baada ya hapo. Wasanifu wa Windows waliliona hili, ndiyo maana kuna ujumbe uitwao PSM_CANCELTOCLOSE: badiliko lisilorudishika likishafanyika, kitufe cha Ghairi huzimwa na maandishi ya kitufe cha Sawa hugeuka kuwa “Funga”. Katika mfumo wowote, fuata kanuni hiyo. Kitufe kisiseme Ghairi kama hakina tena cha kughairi.

Suala la kufifisha kitufe cha Hifadhi lina pande mbili. Kukififisha kwa sababu hakuna badiliko ni sawa kwenye ukurasa unaobaki wazi, kwani kunampa mtumiaji taarifa ya kweli. Kukififisha kwa sababu kuna kosa mahali fulani si sawa hata kidogo. Mtumiaji aliye kwenye kichupo cha Mwonekano anaona kitufe kimekufa, haoni kosa lolote mbele yake, na hana cha kubofya ili aelezwe. Kiache hai, kibofywe, kisha kimweleze.

Kosa lililojificha katika kichupo kingine

Hapa ndipo kidirisha chenye vichupo kinapotofautiana kabisa na fomu ya kawaida, na panastahili muda zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Rudi kwenye ile programu ya barua pepe. Mtumiaji ameandika anwani ya seva katika Akaunti na kusahau namba ya poti. Sasa yuko kwenye Mwonekano na anabofya Hifadhi. Mpangilio unaofaa ni huu. Kagua rasimu nzima, si kichupo kinachoonekana. Ukipata makosa, usihifadhi chochote. Weka alama kwenye kila kichupo chenye kosa, ukitaja idadi, kwa mfano “Akaunti, kosa 1”, na alama hiyo isitegemee rangi peke yake kwa sababu wapo wasioitofautisha. Kama kichupo kinachoonekana hakina kosa, fungua cha kwanza chenye kosa na upeleke kielekezi kwenye sehemu husika. Kama kinachoonekana nacho kina kosa, anzia hapohapo, usimhamishe mtu bila sababu. Karibu na kitufe weka sentensi moja inayosema kilichotokea: “Mabadiliko hayajahifadhiwa. Jaza namba ya poti katika Akaunti.”

Kwenye kivinjari kuna mtego unaowanasa wengi. Ukitegemea ukaguzi wa HTML wenyewe na kuweka vichupo vyote katika fomu moja, sehemu ya lazima iliyo tupu ndani ya kichupo kilichofichwa itaifanya fomu isitumwe, lakini kivinjari hakiwezi kupeleka kielekezi kwenye sehemu isiyoonekana. Katika Chrome, maelezo huishia kwenye konsoli ya wasanidi. Mtumiaji anabofya, hakuna kinachotokea, anabofya tena. Tiba ni kuweka kwenye fomu sifa ya novalidate, inayozima ukaguzi huo wa kivinjari, na kufanya ukaguzi wako mwenyewe kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu.

Kuhifadhi kwenyewe kuwe kwa yote au kwa kutofanya lolote. Ukiandika kwenye faili, andika faili ya muda kamili, hakikisha imefika diskini (kwa fsync), kisha ibadilishe jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Katika mifumo ya POSIX, kama Linux na macOS, kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili hutendeka kwa pigo moja, kwa hiyo programu inayosoma itakuta faili ya zamani au mpya, kamwe si nusu. Ukituma kwa seva, tuma ombi moja kwa kidirisha kizima, na seva iliandike ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Maombi manne kwa vichupo vinne yatakuletea siku ambayo mawili yamefaulu na mawili yameanguka, na hakuna sentensi nzuri ya kumweleza mtumiaji hali hiyo. Ikiwa watu kadhaa wanaweza kuhariri mipangilio ileile, tuma pamoja na ombi alama ya toleo ulilosoma kwa kutumia kichwa cha HTTP kiitwacho If-Match. Seva ikijibu 412, yaani toleo hilo limekwisha kubadilika, mwambie mtumiaji kwamba kuna aliyetangulia na umwonyeshe tofauti. Katika hali zote za kushindwa, kidirisha kibaki wazi na rasimu ibaki ilivyo.

Kufunga kabla ya kuhifadhi

Mtumiaji akibofya Ghairi amesema anachotaka; mfungie bila swali, isipokuwa rasimu ina kazi kubwa ya kuandikwa upya. X na Esc huguswa kwa bahati mbaya mara nyingi zaidi, kwa hiyo uliza kama rasimu imetofautiana na kilichohifadhiwa. Majibu yataje matendo: “Hifadhi”, “Usihifadhi” na “Endelea kuhariri”. Ndiyo na Hapana humlazimu mtu kusoma swali mara mbili, na Ghairi ndani ya swali linalohusu kughairi haieleweki kabisa. Inasaidia pia kutaja vichupo vyenye mabadiliko, kwa sababu huenda alichokibadilisha Arifa amekwisha kukisahau.

Kwenye wavuti, onyo la beforeunload hulinda dhidi ya kufunga ukurasa wote. Usijisumbue kulitungia maneno: Chrome iliacha kuonyesha maandishi ya msanidi tangu toleo la 51 la mwaka 2016, na vivinjari vingine vikuu navyo huonyesha ujumbe wao wenyewe. Liwashe pale tu rasimu inapotofautiana, na ulizime mara baada ya kuhifadhi.

Ukichagua papo hapo

Kukosekana kwa kitufe hakuondoi wajibu. Sehemu za maandishi zihifadhiwe mtumiaji anapotoka kwenye sehemu, si kwa kila herufi, la sivyo utahifadhi anwani nusu. Onyesha neno fupi, “Imehifadhiwa”, karibu na kilichoguswa, na ulitangaze kwa sifa ya HTML ya role="status" ili kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kilisome bila kumhamisha mtumiaji alipo. Seva ikikataa, rudisha kidhibiti kwenye hali yake ya awali na useme kwa nini. Swichi inayoonyesha imewaka ilhali kwenye seva imezimwa ni uongo. Weka njia ya kutendua. Kwa badiliko linaloweza kumfungia mtumiaji nje, iga Windows inavyofanya kwa ukubwa wa skrini: hutumia badiliko, huuliza kama libaki, na lisipothibitishwa ndani ya sekunde 15 hulirudisha lenyewe.

Kujaribu kabla ya kutoa

Badilisha kitu kimoja katika kila kichupo, hifadhi ukiwa kwenye cha mwisho, funga programu na uifungue upya, kisha kagua vyote. Badilisha na urudishe, uone kama bado unaulizwa. Weka kosa katika kichupo cha kwanza na uhifadhi ukiwa katika cha mwisho. Bofya Tumia, badilisha tena, halafu Ghairi, na uhakikishe kilichobaki ni kile cha Tumia. Kata mtandao katikati ya kuhifadhi. Fungua kidirisha hichohicho kwenye vifaa viwili na uhifadhi mipangilio tofauti. Mwishowe rudia yote bila kipanya, kisoma skrini kikiwa kimewashwa, na usikilize kama kila unapobofya Hifadhi unaambiwa kilichotokea hata ukiwa huoni skrini.